Kitenge cha Sala ya Kifaransa

Leo nimefungua sanduku la mama, na harufu ya kitenge kipya imenirudisha darasani.

Shule yetu ya Kikatoliki hapa Erdington, ughaibuni kwa Wazungu, ilikuwa imeanza kufundisha Kifaransa, na mwalimu alitafuta mzazi wa kutuongoza kusali Baba Yetu kwa lugha hiyo. Mama, aliyesomeshwa Kifaransa na masista kule Bukavu, alishonesha kitenge, akanituma nimwambie mwalimu kwamba atakuja. Sikumwambia. Wenzangu walishamcheka getini alivyokuwa akiongea.

"Mwalimu alisema nini, mwanangu?"

"Amepata mzazi mwingine, mama."

"Mzungu?"

Nikaitika kwa kichwa.

"Haya. Atasali vizuri."

Akakikunja kitenge polepole. Hadi leo uzi wa fundi unaning'inia kwenye mkono wa kitenge hicho, haujakatwa.