Vipimo vya Felicitas

"Anko, ilizimika sekunde ngapi?"

Nilimwuliza hivyo Anko Nyaga, ndugu mdogo wa baba, udongo wa kaburi bado uko kwenye viatu vyetu. Nilikuwa darasa la sita na sikujua kunyamaza. Mama alinifinya mkono. Anko akaenda kuwakatia ng'ombe majani.

Wacha nieleze. Anko ni msaidizi wa maabara kwenye shule ya kutwa huku Kanja. Yeye ndiye huosha chupa na kuchanganya asidi, na akishika hadubini iliyokufa, inafufuka. Chuo kikuu hakufika. Ndiyo maana watu wa chuo kikuu walipompigia simu, alivaa tai siku mbili mfululizo.

Walitaka mtu wa kuangalia nyota moja kutoka Kanja, wengine waiangalie kutoka Kinoru, kule Meru. Mbali sana, kupita sayari zote, kuna donge la barafu ambalo hata kwa darubini kubwa ni nukta tu. Jioni moja lingepita mbele ya ile nyota, na nyota ingezimika kidogo. Ukijua sekunde ngapi, unajua upana wa donge.

Mkewe, Felicitas, alikuwa anashona yunifomu. Alipoelezwa, ikabidi atoe pini mdomoni ndipo acheke. "Kumbe ni kupima mtu bila kumgusa! Mwalimu mkuu na lile tumbo lake, si ningempima hivyo!"

Jirani yetu Hezekiah akaiona darubini ya kuazimwa hapo uani. "Nyaga, sasa umeajiriwa kuhesabu nyota?"

"Hezekiah," Felicitas akamjibu, "wewe hata kuku wako hujawahi kumaliza kuwahesabu."

Wiki yenyewe ilipofika, Felicitas akalazwa Embu mjini. Mapafu. Anko akasema anairudisha darubini. Felicitas alikasirika, na pumzi ile ilivyokuwa kidogo. "Nenda. Mama yangu atakaa na mimi. Kesho niletee vipimo."

Basi akaenda. Mlima ulikuwa wazi, hakuna wingu. Alikuwa ameambiwa asiondoe jicho, na simu aiweke bila mtandao, maana ndiyo ilikuwa saa yake na ndiyo ilikuwa inarekodi sauti yake, aseme nyota ikizimika na ikiwaka tena. Saa mbili kasorobo, dakika yenyewe ikikaribia, akasikia viatu kwenye njia ya shamba la majani chai. Alikuwa mama mkwe.

Huku kwetu mtu hampi mama mkwe mgongo, eti ameinama anachungulia kitu. Na mama mkwe haji kwako usiku kama hajatumwa na jambo. Anko akainuka, akampa mikono miwili.

Sauti bado ziko kwenye simu. Nimezisikia.

"Karibu, mama."

"Asante. Hapa hamjambo?"

"Hatujambo."

"Ng'ombe wamekunywa maji?"

"Wamekunywa."

Habari ya kifo haitangulii salamu. Halafu mama mkwe akaisema. Halafu sauti ya Anko, ambayo sitaiandika.

Kinoru waliona nyota ikizimika sekunde kumi na tisa. Kwenye fomu ya Kanja Anko aliandika: sikuona. Gari la chuo lilipokuja, ni Hezekiah aliyeibeba darubini mpaka barabarani, bila mzaha hata mmoja.

Sasa mimi niko kidato cha nne, shule hiyo hiyo ya Anko. Tulipofika somo la mwanga, alituletea lenzi kwenye sinia, akazipanga, akatoka. Sikumwuliza tena. Lakini likizo ya Agosti tulikuwa tunachuna majani chai, yeye safu yake, mimi yangu, akaanza kuongea bila kuinua macho.

"Mukami, uliniuliza sekunde ngapi."

Nikaacha kuchuna.

"Nilipoinua kichwa ilikuwa inawaka. Mama akaniambia. Nikamketisha, halafu nikarudi kwenye darubini. Ndiyo, nilirudi. Nilimwacha mama ya Felicitas analia peke yake, nikaenda kuangalia, kwa sababu nilikuwa nimemwahidi Felicitas kumpelekea vipimo. Na ilikuwa inawaka vilevile tu, kama hakuna kitu kimepita. Sijui ni ngapi, mwanangu. Nilichelewa huku, nikachelewa na kule."