Nyasi za Matanga

Sheria ya kutokata nyasi niliitunga mimi. Huku Kanazi, rweya, yaani uwanda wa nyasi nje ya migomba yetu, ndiyo hutupatia nyasi za kufunika shamba na za kutandika sakafuni msiba unapotokea. Nilipostaafu ualimu niliwashawishi majirani tuache kipande kimoja bila kukikata wala kukichoma mpaka makinda wa ndege waruke. Aliyekaidi nilimfuata hadi mlangoni kwake. Mke wangu alikuwa akisema nawapenda ndege kuliko watu, nami nilimwacha aseme.

Alifariki msimu wa viota. Sehemu nyingine yote ya rweya ilikuwa imeshaungua. Majirani walileta viti vya plastiki na turubai la kanisani. Mmoja wao, ambaye niliwahi kumfokea kwa sababu ya mundu wake, akaja kuninong'oneza.

"Pole, Mwalimu. Nyasi hatujazigusa. Makinda bado hawajaruka."

Alisema kwa heshima kabisa. Nikamshukuru.

Baada ya matanga viti vilirudishwa, sakafu ya saruji ikabaki tupu kama darasa wakati wa likizo. Nilichukua mundu nikaenda rweya mwenyewe. Ndege mdogo akaruka karibu na miguu yangu, akawa anazunguka juu ya kichwa changu akilia. Nilisimama pale kwa muda mrefu, kisha nikarudi mikono mitupu.

Miaka yote ile nilitaka wanitii. Siku ile nilitamani angepatikana mkaidi mmoja tu.