Gari la Alama Nne Lilipopinduka Puge

Gari nililoliwekea alama nne kati ya kumi kwa usalama lilipinduka karibu na Puge, Jumamosi saa nne asubuhi. Ndani alikuwemo mwanangu wa pekee.

Gari la alama tisa lilikuwa nyuma yake. Ndani nilikuwemo mimi, nimekaa vizuri.

Mimi ni mpima ardhi hapa Tabora. Kazi imenifundisha kutoliamini jicho. Kwa hiyo mume wangu, Nestory, aliposema tununue gari la familia, sikuuliza rangi. Yadi ilikuwa na mawili ya kutufaa: jeupe, refu, na jeusi, fupi kidogo. Nikatafuta matokeo ya majaribio ya ajali, nikahesabu mifuko ya hewa, nikalinganisha breki, nikaandika ripoti.

Kurasa kumi na moja.

Nestory aliangalia ule wa kwanza. "Theo, jeupe ni chuma. Gonga hapo usikie."

"Chuma kinachopinduka kirahisi. Ukurasa wa nne."

"Wewe ungeolewa na kikokotoo."

"Kingekuwa kimeshasoma ripoti."

Tukanunua jeusi.

Jeupe likachukuliwa na mdogo wake, Sixbert, seremala, mtu wa muziki juu na vioo chini. Nilimtumia ripoti kwenye simu. Akajibu kwa kidole gumba. Nikajua hajasoma.

Jumamosi hiyo tulikuwa tunakwenda Nzega kwenye ubatizo, magari yote mawili. Shukrani, binti yetu wa miaka minane, alitaka kupanda kwa baba mdogo. Nilikataa, na sababu nikampa: nne ni ndogo kuliko tisa.

Njiani tulisimama kununua viazi vitamu. Niliporudi, Sixbert alikuwa ameshaondoka, na kiti chetu cha nyuma kilikuwa kitupu.

"Mtoto yuko wapi?"

"Kwa Sixbert," Nestory akasema. "Amelia mpaka nimechoka. Kilomita chache tu, Theo, usianze."

Tukamfuata hadi tukamwona mbele. Nikampigia Sixbert. Hakupokea. Nikapiga mara tatu.

"Unaona?" nikamwambia Nestory. "Muziki umemziba masikio."

Ng'ombe wakatokea kushoto, kundi zima, wakaingia barabarani.

Jeupe lilifunga breki. Mkia ukaenda kulia, ukarudi kushoto, likatoka kwenye lami, likalala ubavu, likageuka matairi juu. Ukurasa wa nne, neno kwa neno.

Letu lilisimama wima, limenyooka.

Nilikimbia. Sijawahi kutamani kuwa nimekosea kiasi kile.

"Mama, nishushe! Soda imeniingia puani!"

Shukrani alikuwa ananing'inia kichwa chini, mkanda umembana kifuani. Sixbert, damu ikimtoka kwenye nyusi, alikuwa ameshajifungua na kujipenyeza hadi nyuma.

"Taratibu shemeji, usimvute. Mshike mabega kwanza, ndipo nifungue mkanda."

Tukamtoa. Mikono, miguu, meno, vyote vipo. Nikamgeukia Sixbert kwa sauti ambayo siijui.

"Kwa nini hukupokea simu?"

"Ukurasa wa tisa, shemeji. Dereva asipokee simu."

"Ulisoma?"

"Mara mbili. Gari nilikuwa nimeshalinunua, ningefanyaje? Nikaona nifuate hayo mengine. Kwangu hapandi mtu bila mkanda. Hata na mama tumegombana."

Mchungaji wa wale ng'ombe, mzee mmoja aliyejitaja kuwa Masolwa, alitufikia akihema.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Poleni. Mtoto mzima?"

"Anaonekana mzima."

"Ng'ombe nao wazima. Mpelekeni hospitali hata hivyo. Aliyepinduka anaweza kuumia ndani."

Nikambeba Shukrani hadi kwenye gari letu, nikamkalisha nyuma, nikavuta mkanda. Nikatafuta pa kuuchomeka.

Hapakuwepo.

Nikapapasa kulia, kushoto. Ngozi laini tu, rangi ya maziwa. Makava. Wiki mbili baada ya kununua gari nilimpa fundi Sadiki ashone makava ya viti, na rangi nilichagua mwenyewe. Alikuwa ameshona vizuri mno: vifungio vyote vitatu vya nyuma vilikuwa chini ya kava, na kwenye viti vya mbele, penye mifuko ya hewa ya ubavuni, alikuwa amepitisha uzi mara mbili, mifuko isingeweza kufumuka.

Mimi hukaa mbele. Nestory ndiye humpeleka mtoto shule.

"Baba Shukrani, huyu huwa anafungaje mkanda?"

Akanishangaa. "Wa nyuma? Si gari ni salama? Wewe ndiye ulisema."

Miezi saba bila mkanda.

"Mzee Masolwa, naomba kisu."

Nikakata. Ile ngozi ilikuwa imara, lazima niseme.

"Theo! Makava mapya hayo!"

"Mama," Masolwa akauliza kwa upole, "gari zima hivi unalichuna?"

"Nalichuna, mzee."

Hospitali ya Nzega walimpima Shukrani, wakamkuta na michubuko ya mkanda tu. Sixbert alishonwa nyuzi tatu. Ubatizo ulitupita.

Tangu nisimulie mkasa huu, watu wananiomba ile ripoti, wajue gari gani ni salama zaidi. Ni jeusi. Hesabu zangu zilikuwa sahihi, na bado ninazisimamia. Lakini baada ya kurasa zote kumi na moja, sikukaa kiti cha nyuma hata mara moja tangu tulinunue.

Kwa hiyo kabla hujaniomba ripoti, nenda kwenye gari lako sasa hivi. Kaa anapokaa mtoto. Vuta mkanda, uufunge mpaka usikie mlio.

Hujausikia? Tafuta kisu.