Maziwa ya Tata Machoni mwa Mwanangu

Sifichi: nilimwonea wivu mke wa ndugu wa mume wangu, wivu wa kukosa usingizi. Tunaishi boma moja nje kidogo ya Nyeri. Mimi nikishinda mjini nikishona sare za shule, yeye hubaki na binti yangu wa miaka minne pamoja na kichanga chake mwenyewe. Binti yangu humwita Tata, yaani shangazi, na hulitamka hilo jina kwa raha ambayo sijawahi kuisikia akiniita mimi.

Jioni moja nilirudi nikamkuta binti yangu amelala mapajani pa Tata, jicho moja limevimba, jekundu, linatoka matongo ya manjano. Na Tata, titi nje, anamkamulia maziwa ndani ya jicho. Mama mkwe ameshika kichanga kando.

"Hiyo ndiyo dawa yetu," akaniambia. "Hata bwana yako tulimtibu hivyo."

Mtoto alikuwa ametulia tuli. Mimi nikitaka kumnawisha uso tu, majirani wote husikia. Husemwa uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Basi wangu alikuwa ameupeleka kwingine, tena kwenye titi lenye maziwa, ambayo mimi sina tena.

Kesho yake nilimpeleka hospitali. Daktari akasema ugonjwa huo unaambukiza upesi, na maziwa niyaache kabisa, hayatibu. Nichemshe maji, yapoe, nifute kila jicho kwa pamba yake kutoka upande wa pua kwenda nje, kisha niitupe. Nipake dawa aliyonipa na kunawa kwa sabuni kabla na baada. Taulo lake liwe lake peke yake, shule ya nasari asiende kwanza, na akianza kuumizwa na mwanga au kutoona vizuri nimrudishe mara moja. Zaidi ya yote, asikaribie mtoto mchanga.

Hapo pa mwisho nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilipofika nyumbani nilimwambia Tata, mbele ya mama mkwe, asimguse mtoto wangu.

"Ni daktari amesema," nikaongeza kwa sauti tamu.

"Sawa, mama," Tata akasema. "Na akinililia?"

"Atanyamaza."

Hakunyamaza. Alilia mlangoni akitazama nyumba ile nyingine, na nilipompaka dawa alinipiga teke la tumbo. Tata alibaki kwake akinyonyesha. Nilitamani avuke ua nipate kumgombeza, lakini hakuvuka.

Kulipokucha, macho yote mawili yalikuwa yamegandana kwa matongo. Hakuweza kuyafungua. Akapapasa blanketi.

"Tata? Tata, sioni."

Nilikuwa karibu naye, pamba imelowa mkononi. Nilitaka kusema ni mimi. Lakini alikuwa ameinua kidevu, ameniachia uso wake wote, bila kupigana. Nikafuta kutoka puani kwenda nje, nikatupa, nikachukua pamba nyingine.

"Tata, leo mikono yako iko na joto."

Nikaendelea kufuta polepole, nikiogopa macho yasije yakafunguka akaniona.