Baba Mdogo Ana Jina Langu, na Kiwanja Changu Kimeandikwa Jina Hilo

Admin, nakuomba ufiche jina langu, hata herufi ya kwanza usiiache, maana hapa Kindu tuko wawili wenye jina hili. Nina miaka ishirini na sita, ni karani wa ofisi, nina mke na binti anayeanza kutembea.

Nilizaliwa wakati wa vita, njiani, wazazi wangu wakikimbilia Lokandu. Mama hakuwa na nguvu ya kunibeba. Aliyenibeba msituni ni mdogo wake baba, na kwa shukrani baba akanipa majina yake yote matatu. Ndiyo maana tunaitana ndoyi, kama kwetu wanavyoitana watu wa jina moja. Lakini miaka ya baadaye baba alifariki bila kusema nyumba anamwachia nani, na ukoo ukamtoa mama na masufuria yake. Ndoyi alikuwepo. Aliangalia chini, akanyamaza. Kwa woga au kwa kukubali, sijui mpaka leo.

Mimi nimejenga Alunguli, hapa hapa Kindu, vyumba viwili vya matofali. Karatasi ya kiwanja, au parsele kama tunavyosema hapa, ina jina langu tu, haina picha wala tarehe ya kuzaliwa. Sikuwahi kuwaza hilo mpaka pikipiki iliponiangusha nikalazwa bila fahamu. Ndoyi alifika kutoka Kampene, anakoishi, na kabla ya kuja hospitali alipita kwangu.

"Mama, leta karatasi ya parsele yetu niichunge," alimwambia mke wangu. "Ndoyi akikufa, watu watakufukuza."

Mke wangu alimdanganya kwamba iko kazini kwangu. Nilipozinduka akaninong'oneza, "Baba, ungekufa, miye ningesema nini? Jina njo yake." Kweli, jina ni lake pia.

Parsele yetu. Neno hilo halinitoki kichwani. Alitaka kumlinda mke wangu, au alikuwa ameshaanza kurithi? Tangu siku hiyo hajarudi Kampene. Anawasalimia majirani kwa jina lake kamili, nao wanamtania, "Kumbe mwenye parsele njo weye!" Anacheka, hakatai. Akileta chakula, nasubiri aonje yeye kwanza.

Nikaamua kuandika wosia. Mwenzangu wa kazini alinicheka: "Testama? Weye uko na mvi ngapi? Unaita kifo!" Nami zamani nilidhani ni mambo ya wazee. Nimeandika kwamba nyumba na kiwanja ni vya mke wangu na binti yetu, nikaongeza tarehe yangu ya kuzaliwa na jina la mama. Zimebaki sahihi za mashahidi.

Jana ndoyi akaniambia, "Nasikia unaandika testama. Vizuri. Miye nitasini wa kwanza, miye njo nilikubeba."

Sikujua nani amemwambia.

Mama anasema nimkubalie, kwani akisaini mbele ya watu kwamba kiwanja ni changu, hataweza kukidai tena. Mke wangu anasema, "Akisoma kwamba yeye hapati kitu, miye nitalala namna gani?" Nikitafuta mashahidi wengine na yeye akagundua, nitakuwa nimemwita mwizi mtu ambaye bila yeye nisingeishi. Na siku nikifa, ndiye mkubwa wa ukoo atakayeamua nani alale ndani na nani atoke.

Anataka tumalize kesho. Ndugu zangu, nishaurini: nimpe asome na kusaini, au nimfiche?