Breki za Nkatha

Kila asubuhi, kabla hajaonja chai, Marete huingiza mkono wa kulia kwapani, ndani ya sweta zake mbili, akangoja mpaka upate joto. Kisha huutoa na kuuweka juu ya pua ya farasi. Asubuhi za Ruiri zina baridi ya mlimani, na kwa miaka ishirini na miwili ya kazi yake ya kutunza farasi, kwapa hilo lilikuwa la kupashia lijamu, kile chuma kinachowekwa mdomoni mwa farasi. Chuma cha baridi kinauma meno, alikuwa akisema, hata yako wewe. Siku hizi chuma hakipo, lakini kwapa halijaambiwa.

Chuma kiliondoka kwa sababu ya Nkatha. Alikuwa farasi jike wa rangi ya kahawia, mwenye mguu mmoja mweupe, na alikuja pamoja na shamba la ngano ambalo Kailemia, mwajiri wa Marete, alilinunua. Ulimi wake ulikuwa na kovu pana. Mtu fulani huko nyuma alivuta hatamu kwa hasira mpaka chuma kikakata. Tangu hapo, chuma kikigusa meno tu, Nkatha alisimama kwa miguu ya nyuma, na yeyote aliyekuwa mgongoni alishuka bila kupenda.

Kailemia si mtu mbaya, ila ni mtu wa shamba. Farasi asiyepandwa, alisema, anakula sawasawa na anayepandwa. Alikuwa tayari kumwita daktari wa mifugo aje na sindano ya mwisho.

"Nipe miezi mitatu, mzee," Marete alimwomba. "Nitamwendesha bila chuma."

"Bila chuma utamshika na nini? Na maombi?"

"Na pua yake."

Kailemia alicheka, lakini miezi mitatu akaitoa.

Marete alikata mishipi miwili ya zamani na kushona hatamu yake mwenyewe. Ukanda mmoja ulipita juu ya mfupa wa pua, vidole vinne kutoka kwenye matundu, kwa kuwa ukishuka chini ya hapo unamziba farasi pumzi. Kanda nyingine mbili zilipishana chini ya taya, hivi kwamba ukivuta kushoto, shavu la kulia ndilo linalosukumwa, na kichwa kinageuka chenyewe. Siri yote ilikuwa katika kuachilia. Unavuta kidogo, akiitikia, hata kwa kutega sikio tu, unalegeza papo hapo. Marete aliamini kwamba farasi hajifunzi kwa kuvutwa. Hujifunza kwa kuachwa.

Wiki za kwanza hakumpanda kabisa. Walitembea bega kwa bega, wakizunguka mitungi ya maji iliyopangwa uwanjani. Baadaye akapanda, na baadaye tena wakaanza kwenda sokoni Ruiri kila siku na kurudi.

Sasa, Marete ni mtu wa salamu. Hampiti mtu. Mkewe humtuma chumvi, akarudi wakati mboga zimekwisha kuliwa. Barabarani ilikuwa "Muga!" huku na "Muga!" kule, salamu ya Kimeru, na kila salamu ilikuwa na kituo chake: ng'ombe wa huyu amezaa nini, kwaya ya yule imeshindaje, maharagwe yamepigwa na baridi au yamepona. Nkatha alisimama na kusubiri. Vijana wa bodaboda waliwaona wakija na kuanza utani wao.

"Baba Lydiah! Hiyo gari yako breki iko wapi?"

"Muga, vijana. Breki iko kwa pua."

"Kwa pua! Na honi je, iko kwa mkia?"

Marete alicheka nao, akauliza habari za mama zao, akaendelea.

Miezi mitatu ilikwisha siku ya Jumamosi. Kailemia hakuwa na kazi ya farasi wa kwenda sokoni, na daktari alikuwa amepangiwa Jumatatu, asipopatikana mnunuzi. Katikati hapo alikuja mtu mmoja tu, Maxine, mama wa makamo kutoka mtaa wa Majimbo, Embu mjini. Alikuwa na kiwanja nje ya mji ambako watoto walipanda farasi mwisho wa wiki, na farasi wake wa pekee alikuwa amezeeka. Kailemia alisema mengi, hata la daktari wa Jumatatu. Maxine hakuuliza swali hata moja. Aliingiza vidole viwili chini ya ukanda wa pua, akatikisa kichwa polepole kama mtu anayesoma barua, akapanda.

Uwanjani mambo yalikwenda vizuri. Walipotoka langoni, upepo uliinua karatasi nyeusi ya nailoni iliyofunika viazi vya jirani, ukaipiga kwenye ua. Nkatha akatimka.

Maxine alifanya kile ambacho kila aliyezoea chuma hufanya: alivuta, akashikilia. Na kwa Nkatha, mvuto usioachilia haukuwa na maana yoyote. Mbele yao kulikuwa na barabara kuu na malori yake. Marete alikimbia, buti za mpira zikimpiga mashavu ya miguu, akijua hatafika.

Mama Kaari, mmoja wa wale wa salamu za kila siku, alikuwa akija kutoka upande wa barabara, mzigo wa majani ya ng'ombe mgongoni, mkanda wa mzigo ukiwa kwenye paji la uso. Mwanamke aliyebeba hivyo haoni mbingu. Anaona ardhi na miguu ya watu. Aliona kwato nne zikimjia, mguu mmoja mweupe. Alizijua. Amekutana nazo kila siku kwa miezi.

"Muga, Baba Lydiah!" akasema bila kuinua kichwa. "Leo una haraka gani?"

Nkatha alisimama hapo hapo. Maxine akajikuta ameikumbatia shingo yake.

Kailemia ndiye aliyesema kwanza, akihema. "Umeona, madam? Umeona hatamu ilivyoshika? Bila chuma!"

Marete alifika, mkono ubavuni. Alimtazama Nkatha, ambaye alikuwa ametulia, masikio yameelekea kwa Mama Kaari, akisubiri habari za maharagwe. Ndipo alipoelewa alichokuwa amemfundisha miezi yote hiyo. Hakuna aliyemwuliza kitu. Angenyamaza tu, Nkatha angeondoka salama kabla ya Jumatatu. Lakini mgongoni mwake wangepanda watoto.

"Si hatamu," akasema.

"Marete," Kailemia akamwonya.

"Si hatamu, mzee. Ni salamu. Kila nikisalimia mtu nasimama, naye amejua hivyo. Akisikia Muga, safari imekatika. Kosa ni langu."

Mama Kaari aliinua uso, akamwona mgeni juu ya farasi. "Kumbe si wewe! Mimi nimesalimia kwato!" Akatua mzigo apate kucheka vizuri.

"Miezi mitatu," Kailemia alisema, akiangalia pembeni, "nimelisha farasi wa kupiga domo."

Maxine hakushuka.

"Vuta kidogo, uachilie," Marete akamwambia. "Halafu msalimie."

Maxine akaenda na Nkatha mwendo wa taratibu mpaka kwenye mgomba wa jirani, akageuka, akamtia mbio kidogo. Alipowafikia alivuta, akalegeza, akasema kwa sauti ndogo, na kwa ulimi wa Embu, "Muga." Nkatha akasimama. Akarudia mara ya pili, na ya tatu. Mama Kaari aliitikia salamu zote.

"Mzee," Maxine akamwambia Kailemia, "mpigie daktari wa Jumatatu. Mwambie asije."

Kailemia akatoa simu. Maxine akamgeukia Marete, mkono wake ukiwa shingoni mwa farasi.

"Sisi kule Embu hatusemi Muga. Watoto wangu wakimsalimia kwa Kiembu, atasimama?"

"Hatasimama, madam," Marete akajibu. "Wafundishe Kimeru."