Samli Iliyoganda

Mwaka ule Idi ya Mfunguo Tatu iliangukia likizo ya baridi, na mama yangu alikuwa ameshafariki. Tangu niolewe huku Johannesburg, kila Idi alikuwa akinitumia biskuti za viungo kutoka Tanga, ndoo nzima, kwa mkono wa msafiri yeyote aliyekubali kubebeshwa. Wanangu Kiswahili wanakisikia tu. Ukiwasemesha wanakujibu kwa Kiingereza au Kizulu. Tanga hawaijui. Bibi yao walimjua kwa biskuti, basi. Nikaona nisipozioka mwenyewe, tena ziwe zile zile, watakuwa wamempoteza kabisa.

Vipimo nilivijua kwa kichwa, maana nimekulia kwenye jiko lile: vikombe vya unga, kikombe cha samli, sukari, iliki iliyotwangwa siku hiyo hiyo, mdalasini, karafuu kidogo sana. Jikoni kwetu, hapa mtaa wa Bertrams, mwezi wa Juni hapana tofauti na friji. Nilikanda nikiwa nimevaa koti. Unga ukakataa kushikana, nikauongezea maji kwa hasira, nikausukuma, nikakata, nikatia kwenye oveni. Zilizotoka zilikuwa ngumu juu, na ukizishika zinamomonyoka. Nilionja moja nikataka kulia.

Mama mkwe wangu alikuwa amekaa karibu na hita, blanketi magotini, macho kwangu. Aliishi Morogoro miaka ile wapigania uhuru wa huku walipokuwa ukimbizini, na Kiswahili alirudi nacho. Ni mtu wa kanisa. Kila Krismasi huoka biskuti ndoo kwa ndoo, akazificha chini ya kitanda chake mpaka siku yenyewe, na ole wake atakayezigusa. Ni mtu mwenye neno kwa kila jambo, na asubuhi ile nilimwomba Mungu amnyamazishe kidogo tu.

"Makoti," akaniita, kama wakwe wanavyoitwa huku. "Huko kwenu samli ilikuwa inamiminwa au inachotwa?"

"Inamiminwa, Mama. Tanga kuna joto, samli haigandi."

"Na wewe umeichota."

Nikatazama kopo. Samli ilikuwa imeganda kama sabuni, na mimi nilikuwa nimeing'oa kwa kijiko, mapande mapande, nikajaza kikombe chenye mianya kila upande. Nusu ya kikombe kile ilikuwa hewa.

"Eish," akasema, akainuka.

Sijawahi kuona mtu mzima akifurahia kazi namna ile. Aliweka kopo juu ya hita akalizungusha taratibu mpaka samli ikayeyuka, ikawa rangi ya dhahabu. Akaniachia nipime mwenyewe. Mkono hakuutia kwenye bakuli hata mara moja, ila alichungulia, akanusa, akaguna. Viungo hakuvigusa. "Hivyo ni vya mama yako," alisema, na mimi, niliyekuwa nimejiandaa kugombana naye juu ya viungo, nikachukua mchi nikatwanga iliki nyingine. Nilimpenda sana dakika ile.

Trei ya pili ilitoka ikinukia nyumba yetu ya Tanga. Nikamwita binti yangu mkubwa aonje. Alitafuna, akafikiri, akasema kwa Kiingereza chake kwamba ni tamu, lakini si za bibi. Za bibi zilikuwa kavu zaidi, na zilikuwa na harufu ya ndoo.

Nilichoka. Mama mkwe akacheka mpaka akashika ubavu.

"Mtoto kasema kweli. Wewe ulikuwa unazila za moto. Yeye kala zilizokaa ndani ya basi siku chungu nzima. Zako bado hazijasafiri."

Akazipanga kwenye ndoo moja ya Krismasi, akabana kifuniko, akaisukuma chini ya kitanda chake.

Asubuhi ya Idi, tuliporudi kutoka kuswali, aliitoa mwenyewe, amejifunga kitambaa kichwani kama anayekwenda kanisani. Binti yangu alichukua moja, akaitafuna bila haraka. Akachukua nyingine, akampelekea mdogo wake aliyekuwa bado anavua viatu mlangoni, na kwa Kiswahili ambacho sikujua kama anacho, akamwambia:

"Kula. Bibi ametuma."

Hakuna aliyemsahihisha. Nililia pale pale mbele yao wote, wala sikuona haya.